Jembe Lililobaki Igamba

"Atu, umekaa? Kama umesimama, kaa kwanza."

"Nimesimama, Fortunata, na mikono imejaa utelezi wa kahawa. Sema."

Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega. Atuganile Nzunda alikuwa mbele ya kichanja nyumbani kwao Igamba, anasambaza kahawa iliyotoka kuoshwa, na upepo baridi wa Mbozi unampiga mgongoni. Si msichana tena, wala si mzee, ila mwaka huo alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba mzigo ambao hakuna anayeuona.

"Ketan anaondoka," sauti ya Fortunata ikasema. "Keshokutwa anavuka mpaka, anapandia ndege Lusaka kwenda India. Amepata kazi chuo cha huko. Hapa Tunduma ofisi tunaifunga, leo tumeshinda tunapanga maboksi."

Atuganile akageuza kahawa. Akageuza tena ile ile.

"Safari njema."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ulitaka nilie? Machozi nimeyamaliza wakati wa palizi. Sasa hivi ni mavuno, sina nafasi."

"Dada, nisikilize. Leo nimeshindwa kuvumilia nikamuuliza. Nikamwambia, Daktari, kwa nini ulimwacha mtoto wa watu? Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Akasema, 'Mimi sikumwacha. Nilikwenda kuposa, nikakataliwa.'"

"Alikuja mara moja, Fortunata! Mara moja! Baba akamwambia hapa hakuna binti, kama wanavyoambiwa wote. Akainuka, akaondoka, hajarudi mpaka leo. Mwanaume anayetaka mke harudi?"

"Hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kwamba anatakiwa arudi! Mshenga wake si yule mzee Shaban wa malori? Shaban mtu wa Tanga, dada yangu, mila za kwenu azijulie wapi? Alipotoka hapo kwenu alimwambia Ketan, 'Mwanangu, mzee amekataa katakata, tusirudi tusije tukafukuzwa na mbwa.' Na Ketan unamjua. Akaambiwa hapana, akaipokea."

Mikono ya Atuganile ikasimama juu ya kahawa.

Katika ukoo wa kina Nzunda, mposaji wa kwanza kufika hukuta mlango umenuna. Baba hawezi kusema ndiyo siku hiyo hata kama moyoni anacheza ngoma, maana watu watamcheka kwamba alikuwa anatafuta pa kumtupia binti. Wageni huja na jembe jipya lisilo na mpini, wanaambiwa hapa hakuna binti, wanaondoka. Kama wamekataliwa kweli, jembe lao wanarudishiwa mkononi kabla hawajavuka ua. Kama halikurudi, watu wazima wanajua: nendeni mkajipange, mje tena. Hakuna anayefundishwa jambo hilo. Ni kama kujua kwamba moto unaunguza.

Na Atuganile, jamani, katika mambo yote aliyomweleza Ketan, kwamba lete jembe, kwamba vua kofia, kwamba usimpe baba mkono wa kushoto, hilo moja hakumwambia. Hata hakufikiria kwamba ni jambo la kuambiwa.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Utafanya nini?"

"Namalizia kuanika kahawa," Atuganile akasema.

* * *

Walikutana kazini. Ketan Joshi alizaliwa hapo hapo Tunduma, baba yake akiuza spea za malori karibu na mpaka. Akasoma, akaenda mbali, akarudi akiitwa daktari. Akina mama wa sokoni walimfuata na magoti yao yanayouma, yeye akawaeleza kwa upole kwamba udaktari wake ni wa akili mnemba, mashine zinazojifunza kama mtoto anavyojifunza. "Daktari asiyetibu," wakasema, na jina likamganda.

Alitaka mashine isikie Kinyiha na Kinamwanga, ili bibi asiyejua kusoma azungumze na simu, ajibiwe kwa lugha yake. Aliwaajiri Atuganile na Fortunata, wote walishawahi kufundisha. Kazi yao ilikuwa kusikiliza sauti za watu zilizorekodiwa na kuandika kila msemaji anataka nini: anakubali, anakataa, anauliza.

Siku moja akaja na kiti chake cha magurudumu mpaka mezani kwa Atuganile.

"Dada Atu, hapa umekosea. Huyu bibi anasema, 'Usijisumbue mwanangu, mimi nimeshashiba.' Wewe umeandika anataka."

"Anataka."

"Amesema hataki!"

"Umesikia kiti kinavyoburuzwa? Mtu anayekataa chai hasogezi kiti mezani. Huyo anataka chai, na ukichelewa atauliza kama kuna kiporo cha magimbi."

Ketan akasikiliza upya. Kweli, kiti kiliburuzwa. Akacheka mpaka akavua miwani. Tangu hapo kila jioni ikawa lazima apitie mezani pale, hata kama hakuna kosa.

Alikuwa mtu mtulivu kupita kiasi. Asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, aliwasha kwanza kitaa, taa ndogo ya samli, kwenye rafu, mbele ya picha ya mungu wao mwenye kichwa cha tembo, akafumba macho kidogo. Atuganile, mwanakwaya tangu utoto, mwanzoni alikuwa anatazama pembeni. Baadaye akazoea, akaanza kuuliza.

"Hivi hii mashine yako, siku moja itaelewa kweli? Au itakuwa kasuku tu?"

"Akili itakuwa nayo. Sisi tunaamini hata akili ni kitu tu, kama udongo, kama maji. Inaweza kufinyangwa. Lakini ndani yupo anayeitazama hiyo akili, ametulia, hazaliwi, hafi. Huyo mimi simtengenezi."

"Na mimi ninaye?"

"Wewe unaye. Mimi ninaye. Bibi wa chai anaye. Hata yule mbuzi anayekula karatasi zetu mlangoni. Ni huyo huyo mmoja kwa wote."

"Mimi na mbuzi?"

"Wewe na mbuzi."

"Ndiyo mnavyotongoza kwenu?"

Ketan akawa mwekundu masikio yote mawili. "Ningejaribu tena ningeruhusiwa?"

"Jaribu. Mbuzi mwache nje."

Ndivyo walivyoanza. Na alipomuuliza kama atakubali kuolewa naye, Atuganile hakumzungusha hata kidogo. Alisema ndiyo, kwa mdomo wake, mchana kweupe.

Alichompendea zaidi ni kwamba hakuwa na pupa. Mashine ikiharibika baada ya kazi ya wiki nzima, yeye husema, "Kazi ni yetu, matokeo si yetu," anaanza upya. Mama yake alipofariki, alimlilia kimya, akamaliza taratibu zote, akafunga na duka aliloliacha baba yake, hakulaumu mtu. Atuganile akajisemea, huyu ndiye mwanaume wa kuzeeka naye.

Kumbe utulivu ule ule ndio ungekuja kumuumiza. Baba aliposema hakuna binti, Ketan hakulaumu mtu pia. Jioni ile ukaingia ujumbe:

"Atu, nimepokea jibu la nyumbani kwenu. Sina kinyongo na yeyote. Nashukuru kwa muda tuliopewa. Uwe na amani."

Atuganile aliusoma mpaka maneno yakapoteza maana. Moyoni akasema, kumbe huyu alikuwa anatafuta pa kutokea. Akajibu neno moja:

"Sawa."

Hakurudi kazini. Akarudi Igamba, kwenye kahawa ya baba yake.

* * *

Jioni mzee Eliakim Nzunda alikuwa amekaa mbele ya nyumba anachonga mti kwa kisu, maganda yakianguka miguuni. Pembeni yake dada yake, shangazi Loisi, aliyemlea Atuganile tangu mama yake afariki, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Baba."

"Sema, mama."

"Ketan anaondoka. Anakwenda India, hatarudi."

Kisu kikaendelea kuchonga. "Aende. Barabara si yangu."

"Baba, hajui kwamba alitakiwa kurudi."

"Amesoma mpaka nywele zimeanza kumkimbia, halafu hajui?"

"Kuna shule inayofundisha hapana ya kwetu?"

Shangazi Loisi akacheka chini chini. "Hapo amekupata, Eliakim."

"Mshenga wake mtu mzima!"

"Mshenga wake wa Tanga, baba. Alipotoka hapa alimwambia wasirudi tena."

Kisu kikasimama. Mzee akatazama mti mkononi kama ndiyo kwanza anauona.

"Wa Tanga," akasema taratibu. "Mimi nilidhani ni mtu wa huku kwetu, wa Kamsamba, kwa vile alivyokuwa mweusi na mwenye adabu."

"Basi niende nikamwambie?"

"Ukimwambia njoo, utakuwa umejiposa mwenyewe. Mimi nitapokea nini hapo? Nitapokea mtu aliyetumwa."

"Na nisipomwambia nitampoteza."

Mzee Eliakim akaweka kisu chini. Alikuwa na macho ya mtu ambaye naye halali vizuri.

"Atuganile. Mimi Uhindu wake nimeuwaza, nimezunguka nao shambani, nimeuombea. Siyo huo unaoninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni kimoja tu. Niliposema hapana, sikuona hata mshipa wake mmoja unacheza. Alisema 'ahsante mzee,' akainuka. Sasa nakuuliza wewe unayemjua. Mtu anayeachia haraka hivyo, siku ukiugua, si atakuachia hivyo hivyo? Kwa amani?"

Atuganile akaokota ganda moja la mti, akalivunja vipande.

"Nimechoka, baba."

"Najua umechoka. Unadhani sikuoni unavyoanika kahawa kama unafukia mtu?"

Akakiokota kisu, akaendelea na mti wake.

Shangazi Loisi akajifuta mikono, akamvuta Atuganile mpaka chumbani kwake. Akainama, akatoa kitu uvunguni kilichofungwa kwenye khanga. Sufuria. Mpya, inang'aa, hata karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni.

"Ya nini, shangazi?"

"Ilipofika habari kwamba Mhindi anakuja kuposa, nikauliza Vwawa. Wakaniambia wale wengine hawagusi chakula cha chombo kilichopikiwa nyama. Humu ndani kila chombo kimepikiwa nyama, hata birika sina imani nalo."

"Kwa hiyo ukanunua?"

"Mimi? Baba yako ndiye aliyeinunua. Akaileta chini ya koti kama mwizi. Akaniambia, 'Weka, akirudi mara ya pili atakula nini?'"

Atuganile akakaa kitandani, sufuria mapajani. Miezi yote ile alikuwa analala chumba cha pili, na ile sufuria iko uvunguni inasubiri pamoja naye.

* * *

Kesho yake akaenda Tunduma. Kisingizio alikuwa nacho: vile vifaa vya kuvaa masikioni vya kazini alikuwa hajavirudisha.

Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka nje ya mji, vumbi na moshi, madereva wa Zambia wakibishana na wabadilisha kwacha. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya lile lililokuwa duka la spea. Alipanda ngazi polepole. Mlangoni akakuta maboksi, na mzee Shaban akiyafunga kamba.

"Mama wee!" Shaban akashtuka. "Shikamoo... hapana, wewe ndiye wa kuniamkia mimi. Nimechanganyikiwa."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ketan! Njoo uone nani huyu!"

Ketan akatokea na karatasi ya gundi mkononi. Alikuwa amepungua. Shati lilimkaa kama la kuazima. Kwenye rafu tupu kitaa peke yake ndicho kilichokuwa hakijafungwa.

"Atu."

"Nimeleta vifaa vyako."

"Ungekaa navyo tu."

"Sikai na kitu cha mtu."

Wakatazamana. Shaban akakohoa, akasema anakwenda kununua kamba, na kamba tele ilikuwa mkononi mwake.

"Kwa hiyo unaondoka," Atuganile akasema.

"Ndiyo."

"Bila kuniaga."

"Niliona nikikuaga nitakuumiza. Wazee wako walishasema, nami nikapokea."

"Umepokea! Umepokea! Wewe kila kitu unapokea! Ketan, wewe ni mtu au ni posta?"

Alishangaa mwenyewe kusikia sauti yake imepanda. Huko chini lori likapiga honi ndefu. Ketan akakaa juu ya boksi.

"Nilifundishwa kufanya kilicho changu na kuachia yaliyobaki."

"Na ulifanya kilicho chako? Safari moja ya kwenda Igamba ndiyo kilicho chako? Mashine yako iliyokataa kusikia Kinyiha uliifundisha miaka, ikikataa unaanza upya, ikikataa unaanza upya. Mimi nikapata mchana mmoja."

Ketan akaikunja ile karatasi ya gundi mkononi.

"Baba yangu ameniuliza swali, nimekosa jibu. Amesema, huyu mtu anayeachia haraka hivi, siku ukiugua si atakuachia hivyo hivyo kwa amani? Nijibie wewe."

Akavua miwani. Akaifuta kwa shati, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa imeshang'aa.

"Nilikuwa nimechoka, Atu," akasema. "Nimemzika mama. Nimefunga duka la baba, nimebomoa rafu kwa mikono yangu. Mzee aliposema hapana, nilisikia kama mtu ameniruhusu nilale. Nikasema, hii ndiyo ile amani wanayoisema wakubwa wetu. Nimekaa nayo miezi hii."

"Na ni amani?"

"Ulipoingia mlangoni nimejua siyo. Nilichoka tu, nikauita uchovu jina zuri."

Atuganile alitamani kumshika kichwa. Hakumshika.

"Mimi nilishakujibu siku ulipouliza," akasema. "Nilisema ndiyo. Mimi nikisema ndiyo ni ndiyo, na siku nikisema hapana itakuwa hapana, usinitafutie maana nyingine. Sijabadilika. Lakini mlango wa baba yangu una lugha yake, na hiyo sikutafsirii. Nimekatazwa."

Akaweka vifaa juu ya meza, akageuka. Kwenye ngazi akasimama, mgongo ukiwa bado kwake.

"Lile jembe mlilokuja nalo," akasema. "Liko wapi?"

Hakusubiri jibu. Aliposhuka chini akapishana na Shaban anapanda na kamba ile ile mkononi, na huko juu akasikia Ketan anauliza:

"Baba mdogo, lile jembe la Igamba tulilifanya nini?"

"Tuliliacha, mwanangu. Mzee amenuna vile ningelidai vipi?"

"Hawakutupa turudi nalo?"

"Hata! Yule dada yake alilichukua, akalipangusa na khanga, akaingia nalo ndani."

Atuganile akatoka kwenye vumbi, akaenda zake.

* * *

Usiku hakuna simu. Kesho yake asubuhi hakuna simu. Ndiyo ilikuwa siku ya kuvuka mpaka. Ilipokaribia adhuhuri, akiwa kichanjani, ukaingia ujumbe wa Fortunata:

"Dada pole. Gari la mizigo limeshaondoka na maboksi yote. Ofisi nyeupe. Ketan simuoni."

Atuganile akairudisha simu mfukoni. Hakulia. Akaanza kufunika kahawa na turubai maana jua lilikuwa limepanda, akafunika kichanja cha kwanza, akahamia cha pili, na hapo ndipo pikipiki ikasikika ikihema kwenye kilima.

"Ingia ndani!" shangazi Loisi akamkemea kwa kunong'ona, anamsukuma mgongoni. "Ingia jikoni, mtoto, wewe haupo!"

"Nani?"

"Wewe haupo, nimesema!"

Kupitia ufa wa mlango wa jiko akawaona. Shaban akishuka kwa kujishikilia kiuno, na nyuma yake Ketan, vumbi mpaka kwenye nyusi, kofia mkononi. Mzee Eliakim hakuinuka kwenye kiti.

"Hodi, mzee wangu," Shaban akaanza, jasho linamtoka. "Tumerudi. Tuna shida na ua lililomo humu."

"Hapa hakuna binti."

Shaban akamtazama Ketan. Miguu yake ilishageukia pikipiki.

"Tumesikia, mzee," Ketan akasema. "Hata mara ya kwanza tulisikia. Basi tutakaa hapa mpaka apatikane."

"Utakaa wapi? Sina viti vya kutosha."

"Chini panatosha."

Na kweli akakaa chini, na suruali yake ya ofisini, karibu na kahawa ambayo haijafunikwa. Mkono haukujua pa kukaa, akaanza kuchambua, anatupa mbovu pembeni. Shangazi Loisi akavumilia kidogo, akashindwa.

"Daktari! Nzuri hiyo umeitupa!"

"Samahani, shangazi."

"Na hiyo mbovu umeiweka! Mashine ulizifundishaje wewe?"

"Zilikuwa na mwalimu mwingine," Ketan akasema. "Nimekuja kumtafuta, naambiwa hayupo."

Jikoni Atuganile akaziba mdomo kwa khanga. Nje mzee alikuwa bado amenuna.

"Safari yako ya India?"

"Nimewaandikia wampe mtu mwingine. Mashine walizotuazima nimezirudisha, zimepanda gari leo. Mimi sikupanda."

"Nasikia dini yenu inakufundisha kuachia."

"Inatufundisha kuachia matunda, mzee. Haisemi uache kulima. Hapo nilikosea mimi, dini haikukosea."

Mzee Eliakim akasogeza kiti mbele.

"Siku akiugua?"

"Nitakuwepo."

"Na usipoona dalili ya kupona?"

"Nitakuwepo, mzee. Kupona siyo kwangu. Kukaa ndiyo kwangu."

"Utamwinamisha mbele ya tembo wako?"

"Hapana. Ataimba kwaya yake, mimi nitawasha taa yangu."

"Na watoto watakwenda wapi? Kanisani au kwenye taa?"

Ketan akaigeuza kahawa kiganjani. Shaban alikuwa anamkonyeza aseme kitu, chochote.

"Hilo sijui, mzee. Ningekudanganya. Tutalitafuta, na litatuchosha. Ila sitachoka nikaondoka."

Mzee akamtazama sana. Kisha akageuza uso.

"Loisi. Lete jembe lao."

Jikoni Atuganile akashika mwimo wa mlango. Kuletewa jembe mkononi, kila mtu Igamba anajua maana yake. Shaban naye, hata asiyejua, alinusa. "Mzee wangu, tusamehe..." Ketan hakuinuka. Alibaki pale chini, kahawa kiganjani, ila safari hii mshipa wa shingo ulikuwa unacheza, na mzee aliuona.

Shangazi Loisi akatoka na jembe. Lilikuwa lile lile, lakini lilikuwa na mpini. Mpini mpya, mweupe, uliochongwa kwa kisu jioni nyingi, umelainishwa mpaka unateleza.

"Mlileta chuma," mzee Eliakim akasema. "Mti nimetoa mimi. Simama. Unaona ile mibuni michanga kule mwisho? Mama wa huyo binti aliianzia mstari, haukuisha. Kaanze palipoachwa."

"Huyo... binti yupi, mzee?" Shaban akauliza, amechanganyikiwa kabisa.

"Hayupo," mzee akasema. "Lakini akiwepo, atapenda mstari ulionyooka."

Ketan akapokea jembe kwa mikono miwili, akaligusisha kwenye paji la uso kama anavyofanya kwa kitaa chake, akaenda. Alilima vibaya. Jamani, alilima vibaya! Mstari ulipinda kama njia ya mbuzi, na Shaban akawa anamfuata nyuma anamwelekeza, ingawa naye maisha yake yote alishika usukani tu. Shangazi Loisi akaingia jikoni, akachota maharage aliyoyachagua, akabandua ile karatasi ya dukani kwenye sufuria kwa ukucha, taratibu, asiikwaruze.

Atuganile akachungulia mlangoni.

"Baba, nitoke sasa?"

Mzee Eliakim hakugeuka. "Nani huyo anayeongea? Hapa hakuna binti."

Shangazi Loisi akacheka mpaka akashika ukuta. Huko mwisho wa shamba Ketan akasikia kicheko, akainua kichwa, akamwona. Hakupunga mkono. Akainama akaendelea kulima.

Atuganile akakaa kizingitini, akanyoosha miguu mbele yake. Mgongo ulimuuma, vidole vilikuwa vimechubuka, macho yalikuwa mazito. Na kwa mara ya kwanza tangu palizi, uchovu wake ulikuwa wa kahawa tu.